Fumbo la wimbo wa taarab: njia nne za kulifumbua, na ipi ikufae wewe

Wimbo unakugusa, umeusikia mara kumi, na bado hujui mnazi unaoimbwa humo ni mnazi kweli au ni mume wa mtu. Mmoja anakwambia soma maneno, mwingine anasema katafute habari za zamani, wa tatu anakucheka: fumbo la taarab halisomwi, linaonekana ukumbini. Wote watatu wana haki, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali lake. "Wimbo unasema nini?" ni swali moja. "Ulitungwa kwa sababu gani?" ni la pili. "Leo unapigwa kwa ajili ya nani?" ni la tatu, na majibu yake huenda yasilingane kabisa. Ugomvi mwingi juu ya maana ya nyimbo unatokana na watu kujibu maswali tofauti huku wakidhani wanajibu moja.

Vigezo vya kulinganisha ni hivi: njia inataka nini kutoka kwako, yaani muda, vifaa na watu, hatua zake, inachokupa, inapokosea na kwa nini, na inamfaa nani. Ili ulinganisho uwe wa haki, njia zote tutazipitisha kwenye ubeti mmoja, uliotungwa hapa kwa ajili ya mfano. Una mistari mitatu kama nyimbo nyingi za taarab, na kiitikio:

Mnazi wangu wa pwani, nimeupanda mwenyewe,
Maji toka kisimani, niumwagie ukuwe,
Leo kagema jirani, nami narushiwa mawe.

Kivuli chake sioni, kanisahau mwenyewe.

Njia ya kwanza: kuyachambua maneno

Inataka nini. Daftari, kamusi na saa mbili au tatu kwa wimbo wa beti nne. Kamusi moja ya Kiswahili sanifu haitoshi kwa nyimbo za Lamu, Mombasa au Unguja. Ongeza Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar), na ukiweza kusoma Kifaransa, kamusi ya Sacleux ya 1939 ina maneno mengi ya lahaja.

Hatua. Usikilize wimbo wote kwanza bila kuandika. Mara ya pili andika, ukiacha nafasi tupu kila usiposikia vizuri. Mara ya tatu punguza kasi hadi robo tatu na ujaze zile nafasi. Kisha hesabu mizani. Kwenye tungo za kimapokeo kila kipande, yaani nusu ya mstari, kina idadi maalumu ya silabi, na hapa ni 8 kwa 8. Ukiwa umeandika "namwagia ukuwe" utapata 7, nawe utajua umepoteza silabi. Irudie sehemu hiyo utasikia "niumwagie", na ile *u* uliyoikosa ndiyo inayosema kinachomwagiwa ni mnazi. Mizani ndiyo msahihishaji wako wa bure. Katika taarab ya kisasa kipimo hiki hupungua nguvu, maana watunzi wengi hawafungwi tena na mizani.

Baada ya mizani, ngeli. Hapa ndipo Kiswahili kinapomfichua mtunzi. Mnazi ni *u-*: umekua, umeanguka, umenisahau. Lakini kiitikio kinasema "kanisahau", na *ka-* hiyo inasimama badala ya "ame-", ya mtu. Mtunzi aliyejificha nyuma ya mti mistari mitatu mizima ametoa kichwa. Tafuta mahali ambapo ua "limenyauka" linageuka "amenyauka", au chombo "kimezama" kinageuka "kazama". Tahadhari: kipimo hiki hakifanyi kazi kwa wanyama. Paka, njiwa na kunguru huchukua *a-* wakiwa wanyama na wakiwa watu vilevile, na huenda ndiyo sababu watunzi wanawapenda sana.

Kisha lijue lile jambo lenyewe. Watu wengi huruka hatua hii na kukimbilia "mnazi ni mpenzi". Mnazi mrefu wa asili huchukua miaka 6 hadi 10 kuzaa, kwa hiyo aliyeupanda amengoja sana. Kugema ni kukata ule mkono wa maua utoe tembo, pombe ya mnazi, na mkono uliogemwa hauzai nazi. Jirani basi anafanya zaidi ya kula cha mwenzake: anakinywa kabla hakijawa tunda. Tena katika pwani yetu mti unaweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye ardhi. Aliyepanda ana haki yake. "Nimeupanda mwenyewe" linasikika kama dai la mali. Na neno "mwenyewe" lina sura mbili: katika mstari wa kwanza ni "kwa mkono wangu", katika kiitikio laweza kuwa "mimi mwenye mali". Msikilize mwimbaji anavuta pumzi wapi. Akipumua baada ya "kanisahau", ni mwenye mali aliyesahauliwa.

Mwisho kabisa mawe. Kila mtu anaijua methali kwamba mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Hapa anayepigwa ni mpandaji. Methali ikipinduliwa namna hiyo, simama hapo; mara nyingi ndipo uchungu wa wimbo ulipo.

Inachotoa. Tafsiri unayoweza kuitetea kwa kunyoosha kidole: silabi hii, kiambishi hiki. Hata asiyekubaliana nawe ana pa kuanzia.

Inapokosea. Kosa la kwanza ni kuwa na orodha ya alama kichwani: ua ni mwanamke, nahodha ni mume, kunguru ni mhuni. Ni kweli kunguru hafugiki, ila mtunzi anaweza kumtumia kwa weusi, kwa kelele au kwa wizi wa vifaranga. Jiwekee sharti: tafsiri ieleze angalau sehemu tatu za ubeti. Inayoeleza mstari mmoja na kuiacha mingine yatima, iache.

Kosa la pili ni jinsia. Kiambishi *a-* hakisemi mwanamume wala mwanamke, na sauti ya mwimbaji haikusaidii, kwa sababu nyimbo nyingi zinazoimbwa na wanawake zimetungwa na wanaume. Usiandike "anamlaumu mumewe" kama wimbo haukutaja mume.

La tatu ni lahaja. Msikilizaji wa bara anasikia "ndoo" katika wimbo wa Mombasa anaanza kutafuta maana ya ndoo ya maji, kumbe mwimbaji anasema "njoo". Vilevile *ndia* ni njia, *mato* ni macho, *kitwa* ni kichwa. Mafumbo kadhaa yanayosifiwa kwa kina yamezaliwa na sikio lisilojua Kimvita, lahaja ya Mombasa.

Inamfaa nani. Mwanafunzi, mfasiri, mhakiki, na yeyote aliye mbali na pwani mwenye rekodi tu mkononi.

Njia ya pili: kutafuta chimbuko

Inataka nini. Uvumilivu wa wiki, wakati mwingine miezi. Utahitaji jalada la santuri au kanda kwa ajili ya jina la kikundi na mtunzi, maktaba za redio (Zanzibar na Dar es Salaam zina kanda za miongo mingi), na wazee wa vikundi. Ikhwani Safaa ya Unguja ipo tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958. Kumbukumbu ya nyimbo humo inapita kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi.

Hatua. Anza na mambo matatu: nani alitunga, kikundi gani kiliupiga kwanza, mwaka gani. Ukiyapata, uliza kulikuwa na nini mwaka huo mtaani, kikundini, mjini. Halafu tafuta wimbo wa jibu. Taarab ni majibizano. Wimbo mmoja huzaa mwingine. Mashindano ya mipasho, yaani nyimbo za kurushiana vijembe, kati ya vikundi vya TOT na Muungano miaka ya 1990 yalikuwa hivyo, na ukiusikiliza upande mmoja peke yake utakuwa kama mtu anayesikia nusu ya mazungumzo ya simu. Mnazi wetu ungepata jibu la jirani, pengine akisema mti haukuwa na uzio, na hapo ungejua kesi ilihusu nini.

Inachotoa. Kinga dhidi ya kufumbua kisichofumbwa. Mfano bora ni wimbo wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, uitwao Kijiti. Mtu mwenye kamusi tu angeona "kijiti" akaanza kutafuta maana ya mti mdogo. Kijiti lilikuwa jina la mtu. Wimbo unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mwuaji alitorokea bara, na walioishia kuadhibiwa ni wanawake aliokuwa nao marehemu. Fumbo halimo katika neno. Uzito wote uko katika kwamba mwanamke alisimama akaimba hukumu ya mahakama ya kikoloni ilivyowaangukia wasiostahili. Hilo halipatikani kwa kuhesabu mizani.

Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, aliyefariki 1840, yanafundisha jambo hilohilo. Mengi yangekuwa yamefungika leo kama Mwalimu Sikujua asingeyahifadhi pamoja na maelezo ya mikasa iliyoyazaa.

Inapokosea. Visa hunoga kadiri vinavyosimuliwa. Wimbo mmoja utaambiwa umetungwa kwa ajili ya wanawake watatu tofauti, kila mtaa na wake. Usikubali kisa mpaka umekisikia kwa watu wawili ambao hawakukisikia mahali pamoja, na mwaka wake uendane na mwaka wa rekodi. Kisa cha jambo lililotokea baada ya wimbo kurekodiwa utakutana nacho mara nyingi kuliko unavyodhani: watu wameubandika wimbo wa zamani juu ya tukio jipya. Kosa la pili ni kudhani ukishajua kisa umemaliza. Mtunzi alianza na jirani mmoja, lakini akachagua mnazi ili wimbo umtoshee kila aliyedhulumiwa.

Inamfaa nani. Mtangazaji anayeandaa kipindi, mwandishi wa historia, na mwanamuziki anayetaka kuurudia wimbo wa wazee kwa adabu.

Njia ya tatu: kuusoma ukumbi

Inataka nini. Uwepo wako mwenyewe, usiku baada ya usiku, na mtu wa pale anayejua nani ni shemeji wa nani. Bila mtu huyo utaona mengi na kuelewa kidogo. Weka pia noti ndogondogo za kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha akiimba. Anayekaa saa nne bila kumtunza mwimbaji huonekana amekuja kuchungulia.

Hatua. Kaa pembeni, pale unapoona jukwaa na watu kwa pamoja. Angalia mambo manne. Mstari gani unawanyanyua watu? Huenda si ule uliodhani ni mzito. Nani anakwenda kutunza, na akiwa njiani na noti yake juu, macho na mkono wake vinaelekea wapi? Mstari gani ukumbi mzima unauimba pamoja na mwimbaji? Na nani ghafla anaanza kuongea na jirani yake, au anatoka nje? Aliyelengwa hujijua, na mara nyingi mwili wake husema kabla ya mdomo.

Katika mnazi wetu, mwanamke akiinuka kwenye "nimeupanda mwenyewe" anasema mengine kabisa na atakayeinuka kwenye "kagema jirani". Wa kwanza anadai haki. Wa pili anamwonyesha mtu. Wimbo haujabadilika hata silabi.

Inachotoa. Maana iliyo hai, na hii haipo katika rekodi yoyote. Wimbo wa mapenzi wa miaka 50 iliyopita ukiombwa kwenye harusi ya mke wa pili hupata maana ambayo mtunzi hakuiwaza. Wenye kuomba nyimbo na kutunza ni watunzi wa pili, na katika rusha roho, taarab ya kisasa ya vijembe, kazi yao inazidi hata ya yule wa kwanza. Njia hii ndiyo iliyodharauliwa kuliko zote na wasomaji wa vitabu, na inasikitisha, maana taarab imetengenezwa itumike.

Inapokosea. Kutunza hakumaanishi ujumbe kila mara. Mtu hutunza kwa kupenda sauti, kwa kumheshimu bibi harusi, kwa kumsaidia ndugu aliye kikundini, au kwa kuonekana na vazi jipya. Ukihesabu kila noti kama kombora utazua vita visivyokuwepo. Usihukumu kwa usiku mmoja; mtu yuleyule akiinuka kwenye mstari uleule mara tatu, hapo pana neno. Usiulize palepale. Subiri siku mbili tatu, kisha umuulize mwenyeji wako faraghani. Na usipige picha za watunzaji wala kutaja majina yao popote. Fumbo limewekwa ili watu waseme ya moyoni na kesho waweze kuazimana chumvi. Ukilitangaza umewavunjia stara yao.

Inamfaa nani. Anayeishi Unguja, Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au popote taarab inapopigwa kweli, na yeyote anayeandaa harusi.

Njia ya nne: kumuuliza mtunzi

Inataka nini. Mtunzi aliye hai, mtu wa kukupeleka kwake, na maneno ya wimbo yaliyoandikwa vizuri. Kwenda na maandishi yenye makosa ni kumwonyesha mzee kwamba hukumsikiliza.

Hatua. Pitia kikundi chake kwanza. Ukifika, shikamoo, hali, habari za nyumbani. Usifungue daftari kabla hujakaribishwa kusema shida yako. Kisha uliza juu ya maneno kabla ya watu. "Maalim, hapa nimeandika *ukuwe*, nimepatia?" linafungua mlango. "Kwa nini mnazi, usiwe mwembe?" linaufungua zaidi. "Ulikuwa unamsema nani?" linaufunga, na pengine moja kwa moja. Uliza ubeti upi ulikuja kwanza, maana mara nyingi wimbo mzima umejengwa kuuzunguka ubeti mmoja, au hata kipande kimoja kilichosikika barazani.

Inachotoa. Habari za kazi yenyewe: neno lililobadilishwa ili vina vilingane, ubeti ulioachwa kwa sababu mwimbaji hakuupenda, sauti iliyotangulia maneno. Hizi huwezi kuzikisia.

Inapokosea. Mtunzi ana sababu nzuri za kutokwambia. Aliyesemwa anaweza kuwa hai, anaweza kuwa shemeji yake. Atakwambia "ni wimbo wa mapenzi tu", na hajakudanganya, amekuhifadhi. Jibu la baada ya miaka 30 nalo linaweza kuwa limeshalainika. Lichukue kama ushahidi mmoja mzito, uuweke kando ya ule wa maneno. Akisema wimbo hauhusu mtu huku ile *ka-* imekaa palepale, andika yote mawili.

Inamfaa nani. Mwanamuziki anayerithi wimbo, mtafiti mwenye muda, mhariri wa diwani.

Uchague ipi, kwa hali yako

Mwanafunzi mwenye insha ya wiki ijayo: maneno. Hesabu mizani, fuata ngeli, na ukitaka kutaja kisa cha kihistoria kitaje kama masimulizi mpaka ukithibitishe.

Mtangazaji wa redio: chimbuko kwanza, lakini pitia maneno usije ukalitamka jina la mtu kama jina la kitu. Kisa chenye watu walio hai usikirushe hewani.

Mfasiri wa nyimbo kwenda lugha yenye "he" na "she": maneno, kisha ukumbi ukiweza kuufikia. Lugha unayoelekea itakulazimisha uchague jinsia ambayo Kiswahili kiliiacha wazi. Tafuta namna ya kumsemesha mpenzi moja kwa moja, "wewe", ili usichague.

Mwanamuziki anayetaka kuurudia wimbo wa zamani: mtunzi au warithi wake kama wapo, kwa ruhusa na kwa maana pamoja, kisha chimbuko, ili usiuimbe wimbo wa msiba kwa madaha.

Unaishi Muscat au London, ukumbi uko mbali: anza na maneno, kisha mpigie simu mtu mzima wa nyumbani umsomee ubeti mmoja tu. Usimuulize unamaanisha nini. Muulize siku hizi unapigwa wakati gani na nani huuomba. Kwa dakika kumi utakuwa umepata robo ya ukumbi.

Unaandaa harusi na una orodha ya nyimbo ishirini: ukumbi, bila kusita. Maneno yanaweza kuwa matamu kabisa na wimbo ukawa unajulikana mji mzima kama wimbo wa kumpiga kijembe mke mkubwa. Mpe orodha shangazi au somo (kungwi) wa bibi harusi aipitie wiki moja kabla ya siku yenyewe, na atakaoukunjia uso uondoe hata asipokueleza sababu.

Na kama kuna aliyekutumia wimbo kwa simu, bila neno, nawe huna amani: soma maneno mara moja, uone ni mstari gani unaoweza kukuhusu. Kisha uliza kama kaupeleka kwako peke yako au kauweka mahali pa kuonwa na wote. Kama ni kwako peke yako na hukuelewa, mpigie umwambie umeupenda, umuulize yeye anaupendea nini.